Umeniuliza kuhusu kazi, mi nakujibu kuhusu bibi yako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa alfajiri nimeusoma, nikaurudia tena nikiwa na miwani maana mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya. Unauliza uache kazi ya kutunza wazee umalizie digrii yako ya afya ya akili kwa utulivu, au uahirishe chuo mwaka mzima ufanye kazi upate hela, maana vyote viwili kwa pamoja vimekushinda, umesinzia kwenye kipindi mpaka mwenzako akakugusa bega, na asaimenti ya mwisho umeituma muda umeshapita. Halafu kule chini ukaongeza, kama vile si kitu, eti "na kazi yenyewe ni kubadilisha pempasi tu mama, darasani hainisaidii chochote".

Sasa mi naanza na hiyo ya chini. Ya juu tutaifikia tukifika.

Kubadilisha pempasi TU. Hivi hiyo "tu" umeitoa wapi we mtoto, maana nyumbani kwetu hukuikuta. Anayekuosha ndiye anayekujua, nimesema toka hujazaliwa na mdomo haujachoka.

Si unakumbuka bibi yako alivyovunjika nyonga? Au hukumbuki vizuri, ulikuwa bado unavaa sare za shule, hadithi yenyewe umeipata vipande vipande ukubwani na nusu umesimuliwa na mjomba wako ambaye anajua kukoleza. Bibi aliingia kufanyiwa upasuaji akili yake imetimia kuliko yangu. Madeni yote anayo kichwani bila daftari, anaowadai na wanaomdai, na asubuhi ile ile wanamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu akanishika mkono akanikumbusha kwamba mjomba wako hajarudisha pasi. Akatoka salama. Usiku wa pili ndo ikaanza. Ananiita kwa jina la dada yake, marehemu. Anachuna blanketi kwa vidole, anachuna, anachuna, anatoa nyuzi ambazo sisi hatuzioni. Anasema darini wamekaa watu wanamcheka. Mchana analala hata umwite vipi, usiku anataka kushuka kitandani na nyonga ile aende kwake. Na kuna saa anatulia kabisa anakuuliza nyie mmekula, unashusha pumzi unasema karudi, kidogo tu hakujui tena.

Asubuhi dokta akapita na msafara wake, akasoma faili kasimama pale miguuni, akasema mama ana umri mkubwa, huu ni uzee, ndugu mjiandae kumtunza hivyo hivyo. Akageukia kitanda kingine. Bibi yako hata hakuguswa.

Kulikuwa na dada mmoja mhudumu wa wodi, wa mashuka na mabeseni, mwembamba, raba zake amezikanyaga visigino. Yeye ndo alikuwa anamwosha bibi na kumgeuza asipate vidonda vya kulalia. Akasema kwa adabu kabisa, dokta samahani, huyu mama juzi aliniuliza nitaolewa lini na leo hajui kijiko ni cha nini, uzee hauji kwa usiku mmoja, halafu mkojo wake umekuwa kidogo sana na mweusi, na nikimgeuza nikigusa hapa chini ya kitovu anaruka. Dokta akamwangalia kuanzia kwenye zile raba mpaka juu, akamuuliza mbele ya wanafunzi wake wote na mbele yetu sisi, "Wewe umesomea wapi?"

Yule dada akasema hajasomea. Akachukua beseni lake akatoka.

Mwanangu, miaka yote imepita, watu wamezaliwa wameoa, lakini hilo swali likinijia hata nikiwa peke yangu jikoni masikio yanawaka moto. Umesomea wapi! Si ungemgusa mgonjwa hapo chini ya kitovu ndo umuulize mtu shule?

Jioni akaja dokta mwingine wa zamu, kijana, yeye alimfuata yule dada kule kule anakosuuza vyombo vyake akamwambia hebu nieleze tena. Wakamwekea bibi mpira wa kutolea mkojo, mfuko ukajaa papo hapo, kumbe mkojo ulikuwa umeziba na ndani kuna maambukizi. Wakamwanzishia dawa, wakamwondolea na ile ya usingizi iliyokuwa inazidi kumvuruga. Haikuwa kama kuwasha taa, akili ilirudi kwa kudokoadokoa, leo inakuja kesho inapotea, lakini ilirudi. Neno lake la kwanza la kueleweka lilikuwa nani amenivalisha gauni baya hivi mbele za watu. La pili, pasi yangu iko wapi. Nilicheka mpaka nesi akaja kuniangalia, na mjomba wako aliyekuwa amekaa pale analia akabadilika sura.

Na jina la kile kitu umenifundisha wewe mwenyewe, mwaka wako wa kwanza, kwenye ile sauti ndefu uliyonitumia. Deliriamu. Ukasema demensia, ule ugonjwa wa wazee kupoteza kumbukumbu, inakuja taratibu, miezi na miaka, ila deliriamu inaingia kwa saa au siku chache, inapanda na kushuka ndani ya siku hiyo hiyo, na nyuma yake mara nyingi kuna kitu cha mwilini, maambukizi, maji kupungua, choo kufunga, mkojo kuziba, dawa, upasuaji. Ukasema ipo na ile ya kimya, mzee hana fujo, amelala tu, na hiyo ndo inapita bila kuonekana kwa sababu haimsumbui mtu. Nilisikiliza nikasema kumbe yule dada alisoma ukurasa mzima wa kitabu chako bila kukifungua, aliusoma kwenye mwili wa bibi. Kwa hiyo usije ukaniambia pempasi haikufundishi kitu. Wewe usiku ule uliomwambia msimamizi wako kwamba yule bibi wa chumba cha mwisho leo sio yeye, wakampima wakakuta homa ya mapafu, ulijua kwa lekcha au ulijua kwa sababu unamvalisha soksi kila siku?

Unamkumbuka na yule mama wa Kijerumani aliyepoteza kumbukumbu uliyenihadithia, Auguste? Dokta Alzheimer alikutana naye hospitalini kule Frankfurt 1901, anamuuliza jina lako nani, Auguste, jina la ukoo, Auguste, mumeo anaitwa nani, nadhani Auguste. Anakula koliflawa na nyama anaulizwa unakula nini, spinachi. Wewe ulikuwa unasifia dokta alivyoandika kila neno, na mi nikakuuliza nani alikuwa anamlisha hizo koliflawa, ukanyamaza. Si mwenyewe ulisema dokta alihama Frankfurt 1903, na yule mama akabaki pale pale mpaka alipokufa 1906, ndo ubongo ukamfuata dokta Munich, na ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina la dokta. Hiyo miaka ya katikati dokta hayupo kuna watu walimwosha, walimgeuza, walijua akikunja uso hivi ana maumivu, na kwenye hadithi yako hukunitajia hata mmoja. Anayekuosha ndiye anayekujua. Basi.

Haya. Lakini.

Najua utakachosema, maana nimejisemea mwenyewe wiki nzima. Kama yule dada angekuwa na cheti, dokta angemsikiliza pale pale, bibi asingeteseka mpaka jioni. Kweli kabisa. Siku ulipopata barua ya chuo nilimkumbuka yeye kabla hata sijamshukuru Mungu, Mungu anisamehe, nilisema huyu wangu hakuna atakayemuuliza amesomea wapi. Kwa hiyo soma. Halafu tena nawaza, angekuwa na cheti angekuwepo pale na beseni? Si wangemweka mezani ajaze fomu? Manesi wenye elimu zao walikuwepo wodini, na siwasemi vibaya, wachache, wagonjwa wamejaa, mtu anakimbizana na dawa kitanda hadi kitanda hana nafasi ya kujua nani ameulizwa ataolewa lini. Kwa hiyo usisome? Hapana, sijasema hivyo, usiende kumwambia baba yako nimesema hivyo. Unaona navyojifunga kamba mwenyewe.

Najua na linalokuuma, kwamba chuo hakihesabu saa zako za kazini kwenye mafunzo ya vitendo. Nilikasirika pamoja na wewe. Baadaye nikaona wana hoja kidogo, kidogo tu, kwa sababu kazini hakuna anayesimama pembeni yako kukuuliza kwa nini umefanya hivi na sio vile, kule unasukumwa umalize vyumba. Ila na wewe unaweza kujiuliza mwenyewe. Andika, bila majina ya wazee wa watu, na bila kile kitu ulichofanya kwenye shughuli ya familia cha kumtajia mjomba wako ugonjwa wa haiba, yaani wa tabia, aliokuwa nao kwa mujibu wa slaidi za wiki ya nne. Mtu wa mwaka wa kwanza hampimi mjomba wake mezani. Hata kama ulipatia. Mi sijasema ulipatia.

Sasa ile ya juu. Unataka niseme, na baba yako kanikataza, kasema mwache aamue ni mtu mzima. Sawa, sisemi. Nasema tu kwamba naona tatizo lako ni usiku, sio kazi. Unatoka zamu saa moja asubuhi unaingia darasani saa tatu, hicho unachosoma kitatulia wapi wakati ubongo unapanga mambo mtu akiwa amelala? Baba yako huyo huyo anayenikataza ndo alinisomea kwamba wale watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani toka 2007 wameiweka kazi ya usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, akawa hana usingizi yeye. Na kati ya kuacha na kuahirisha kuna mambo hujaniuliza, sijui umewauliza wenyewe? Zamu za mchana, hata chache. Kupunguza masomo ya muhula huu bila kutoka chuoni. Mshauri wa wanafunzi unamwona kabla hujajaza fomu ya kuahirisha, sio baada. Lakini hayo sio uamuzi wangu, nayataja tu, ukinukuu nitakataa.

Kitu kimoja nijibu kwa ukweli. Yule mzee uliyeniambia anakunja na kukunjua soksi usiku kucha, ulikuwa ukiingia unamsalimia, unamuuliza leo tumekunja ngapi, anakuonyesha. Bado unamuuliza? Au siku hizi unaingia unageuza unatoka? Kama umeacha kumuuliza, hapo digrii haijaingia bado wala hela haijaingia, umechoka mwanangu, na uchovu wa namna hiyo hautoki kwa wikiendi moja, unahitaji kumwambia msimamizi wako kwa mdomo wako kwamba umechoka, unahitaji mtu wa kukaa naye uongee, na fomu yoyote usijaze mpaka uwe umelala siku za kutosha. Na kama bado unamuuliza, basi hiyo ni habari nyingine, tutaongea.

Nitumie ratiba ya zamu nijue saa ya kupiga, sio nakupigia ndo kwanza umefumba macho. Na mjomba wako mpigie, bado kanuna, anasema kwenye mahafali yako hatakanyaga. Juzi kaniuliza tarehe.

Mama yako