Ukitaka Bustani Kando ya Korongo, Anza na Maji

Miaka kadhaa iliyopita wakazi wa mtaa wetu hapa Dodoma walinichagua kuwa katibu wa kamati ndogo iliyopewa kazi ya kufufua ukingo wa korongo linaloutenganisha mtaa na shule ya msingi. Palikuwa na migunga mikubwa iliyozeeka, njia ya miguu iliyokatwa na maji kila msimu wa mvua, na jalala lililozidi kusogea karibu na nyumba. Tulitaka bustani ya kupumzikia pamoja na njia ambayo mtoto angeweza kupita peke yake. Kwa kuwa kamati za mitaa mingine hutuuliza tulifanyaje, nitaanza na makosa, maana ndiyo yaliyotugharimu fedha.

Kosa la kwanza lilikuwa kulipima korongo wakati wa kiangazi. Mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili, na kwa miezi iliyobaki korongo ni mchanga mkavu ambao vijana huuchezea mpira, hata mtu akasahau kwamba ni mto. Tulijenga mabenchi manne ya zege hatua chache kutoka ukingoni, tukapanda miche 80 ya mwarobaini kwa mistari iliyonyooka. Usiku mmoja wa Januari maji yakashuka kutoka milimani, na asubuhi tukakuta mabenchi mawili yamelala kifudifudi mchangani na mistari yetu ya miche haionekani. Mzee mmoja wa Kigogo, ambaye hatukuwa tumeona haja ya kumwuliza, alituonyesha nyasi kavu na vipande vya mifuko vilivyonasa kwenye matawi ya mgunga, juu ya kimo cha mtu. Vilikuwapo tangu mvua za miaka ya nyuma. Sisi tulidhani ni uchafu tu. Kwa hiyo, kabla ya kuchora chochote, tembeeni ukingoni na mtu aliyekaa hapo muda mrefu, mpake rangi kwenye miti mahali maji yalipowahi kufika, ndipo mpitishe njia na mabenchi juu ya alama hizo.

Aidha, someni sheria mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na korongo kukauka nusu ya mwaka si sababu ya kulifanya kiwanja. Nendeni kwa afisa mazingira wa jiji, na kwa watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa sababu maji ya makorongo yetu huingia mto Kinyasungwe na hatimaye mto Wami. Sisi tulijenga kwanza. Nashukuru kwamba maji yalitukemea kabla ya afisa.

Kuhusu kingo zinazomomonyoka, ukuta wa mawe yaliyofungwa kwa waya ni mzuri, lakini gharama yake iliizidi kamati yetu, nasi tukautumia kwenye kona moja tu ambako maji hupiga kwa nguvu. Kwingine tulipanda matete na mkonge, tukafunga eneo kwa miiba ili mbuzi wasipite. Wenye asili ya Kondoa wanaukumbuka mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, na jinsi mifugo ilivyoondolewa mwaka 1979 katika eneo lililoharibiwa vibaya na mmomonyoko, uoto ukarudi. Mjini huwezi kuwahamisha mbuzi wote wa jirani, ila unaweza kuipumzisha sehemu ndogo. Baada ya mvua mbili, visiki vya migunga tulivyovidhani vimekufa vilichipua vyenyewe. Tukafanya kama wakulima wa kisiki hai: tukachagua machipukizi machache yaliyonyooka, tukapogoa mengine, tukayafunga yaliyobaki kitambaa ili kila mtu ajue yanatunzwa. Miti hiyo imeipita kwa mbali miche tuliyoinunua.

Miche inayopandwa nayo ina mtihani wake, ambao ni kiangazi chote cha kuanzia Mei. Kilichotusaidia ni chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa kwa msumari na kitako kimekatwa, imefukiwa kichwa chini karibu na shina. Maji hudondoka taratibu mpaka mizizini badala ya kukaukia juu. Kila mche ulipewa mwanafunzi mmoja anayepita hapo kwenda shuleni, naye huijaza chupa yake mara mbili kwa wiki.

Njia yenyewe msiichore kwa rula. Ya kwetu ilinyooka vizuri kwenye karatasi, lakini watu waliendelea kufuata ile ya zamani inayopinda kuelekea kwenye bomba la maji na meza ya mama lishe, mpaka tukasalimu amri na kuishindilia udongo hiyo hiyo. Huyo mama amezuia utupaji wa taka kuliko kibao chetu cha onyo, kwani hakuna anayemwaga taka mbele ya mtu anayemfahamu kwa jina.

Jambo gumu zaidi ni mchanga. Kila lori linalopakiwa huzidisha kina cha korongo na kuangusha ukingo, lakini wanaochimba ni vijana wetu na wanakula kwa kazi hiyo. Tulikubaliana mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba wasichimbe karibu na kivuko wala chini ya miti. Makubaliano hayo huvunjwa, hasa ujenzi unapochachamaa, nasi hurudi kikaoni kuyaanza upya.

Baada ya mvua za El Niño za mwaka 2023 na 2024 tulipaka alama mpya kwenye mgunga mkubwa. Iko juu ya ile ya kwanza kwa kiasi cha mkono mmoja, na benchi tulilokuwa tukijisifia kwamba liko salama tumelisogeza tena.