Umeshaita free (amri ya C ya kuachia memori), mbona memori haishuki?

Kaka, top (programu inayoonyesha memori inayotumika) kuendelea kuonyesha mega 900 baada ya ku-free kila kitu si lazima iwe memori inavuja (yaani imeombwa na haikuachiwa). Kwa kawaida free hairudishi kipande cha memori kwa mfumo endeshi, inakirudisha kwa malloc, mgawaji wa memori ndani ya programu yako, na malloc ina tabia za dalali wa fremu Kariakoo: mpangaji katoka, funguo hampelekei mwenye jengo, anamsubiri mpangaji mwingine. Si uchoyo, kila safari ya kwenda kwa keneli (kiini cha mfumo endeshi) ina gharama.

Kwenye Linux yenye glibc (maktaba ya msingi ya C), vipande vikubwa (kuanzia kilobaiti 128, ingawa kiwango hicho hujipandisha chenyewe programu ikiendelea) huombwa kwa mmap (ombi la moja kwa moja kwa keneli), na ukiviachia vinarudi papo hapo. Vidogo hukaa kwenye hipu (eneo la pamoja ambalo malloc hugawa), ambayo kwa kawaida hupunguzwa kutokea juu tu. Kijipande kimoja kilicho hai kule juu kinazuia vyote vya chini yake! Jaribu malloc_trim(0), inayoiambia malloc irudishe memori tupu, baada ya kazi kubwa. Tangu glibc 2.8 inaachia hata kurasa (vipimo ambavyo keneli hugawia memori) tupu za katikati. Isiposhuka, ama vipande hai vimetapakaa kwenye kurasa, ama kweli unavujisha. Hapo washa Valgrind (chombo cha kusaka memori inayovuja), utuwekee majibu.