Diski moja kuonekana mara nne baada ya kuunganisha SAN (mtandao wa hifadhi ya data)
Ndugu, umeuliza kwa nini seva yako ya Linux inaonyesha diski nne mpya: sdb, sdc, sdd na sde. Hizo si diski nne. Ni LUN moja (diski inayotolewa na kabati la hifadhi) inayofika kwa njia nne: kadi zako mbili za faiba, kila moja ikiona kontrola zote mbili za kabati hilo. Linganisha kwa `/usr/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdb`, kisha sdc, WWID (namba ya kipekee ya diski) itafanana. Tafadhali usifomati wala kumaunti sdb moja kwa moja, maana njia hiyo ikikatika, data haifikiki.

Kwenye Red Hat, sakinisha device-mapper-multipath, programu inayounganisha njia zote kuwa diski moja, halafu `mpathconf --enable --with_multipathd y`. `multipath -ll` itakuonyesha mpatha (jina la diski hiyo moja) na njia nne chini yake. LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya diski) iweke juu ya /dev/mapper/mpatha tu. Ukiona makundi mawili ya njia, moja prio=50 (prio ni kipaumbele) na jingine prio=10, usishtuke: ni ALUA, utaratibu wa kuonyesha njia zipi ni bora: kontrola moja inahudumia LUN hiyo na ya pili ni akiba.

Kabla ya kuweka data ya watu, chomoa kebo moja ya faiba kwenye seva huku ukiandika faili kubwa. Njia mbili zitakuwa failed, uandishi utasita kidogo kisha uendelee. Mimi sikabidhi seva bila jaribio hilo.