Skana haiwaki? Lipime gari kwanza

Maswali mengi niliyopokea mwezi huu yanahusu mashine ya kusomea hitilafu za gari, ile tunayoiita skana, inapokataa kuwaka. Nayajibu kwa moyo wote, kwa sababu hapa Nakuru nimewaona vijana waliokopa kwenye chama ili wanunue skana, kisha wakakaribia kuitupa ikiwa nzima kabisa.

Swali la kwanza: mimi ni fundi chipukizi, nakuandikia kutoka Kondele, Kisumu. Skana yangu ndogo ya kuchomeka ilikuwa sawa hadi jana. Nilipoichomeka kwenye Probox ya mteja, kioo kilibaki giza. Je, imeungua?

Kaka, tulia kwanza. Skana ndogo ya aina hiyo kwa kawaida haina betri ndani. Moto wake wote, yaani umeme, unatoka kwenye gari, kupitia soketi ya OBD, ile ya kuchomekea skana, iliyo chini ya dashibodi. Ichomeke kwenye gari jingine. Ikiwaka, mgonjwa ni Probox.

Sasa chukua multimita, kile kipimo cha umeme, uiweke kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri. Soketi ina matundu 16. Ukiitazama usoni, upande mpana ukiwa juu, safu ya juu ni 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini ni 9 hadi 16. Lile la mwisho kulia chini, la 16, huleta moto wa betri hata ufunguo ukiwa mfukoni. La 4 na la 5 ni athi, yaani upande wa negativu. Gusisha waya mwekundu kwenye la 16, mweusi kwenye la 4, kisha kwenye la 5. Betri nzima iliyotulia husoma karibu volti 12.6. Ukipata sifuri kote, hamisha ule mweusi uguse chuma tupu cha bodi. Volti zikitokea, athi ya soketi imekatika. Zisipotokea, tafuta fyuzi.

Fyuzi hiyo katika magari mengine imeandikwa OBD kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi. Katika mengine inahudumia pia laita ya sigara, redio au taa ya ndani. Ndiyo maana mimi humuuliza mwenye gari mapema: simu unachajia wapi? Akisema chaja ya gari ilikufa juzi, najua pa kwenda. Fielder moja iliyoletwa kwangu ilikuwa na sarafu ya shilingi 5 ndani ya tundu la laita. Niliitoa kwa koleo la mdomo mrefu, ukingo wake umeungua mweusi kama mkaa. Hiyo ndiyo iliyokata fyuzi, na mwenye gari alikuwa ameshaambiwa anunue sensa mbili.

Fyuzi ya ampea 10 ibadilishe kwa ya ampea 10. Ikikatika tena papo hapo, kuna waya unaogusana na bodi mahali fulani, utafute. Nakuomba sana usifunge waya wa shaba mahali pa fyuzi. Nimeinua zulia la gari lililofanyiwa hivyo nikakuta nyaya zimeyeyuka zikashikana kama nta, na watoto walikuwa wakipandishwa gari hilo kila asubuhi kwenda shule.

Mimi ni dereva wa lori, nakuandikia kutoka Salgaa. Fundi alichomeka skana yake kwenye Isuzu FRR yangu, ikanuka kuungua, ikazima kabisa. Sasa anataka nimlipe. Je, ni haki?

Dereva, pole kwa usumbufu, lakini kwa maoni yangu hudaiwi. FRR ina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano, kwa hiyo mfumo wake ni wa volti 24. Skana nyingi za bei nafuu zimetengenezewa magari madogo ya volti 12. Kiwango huandikwa nyuma ya mashine au kwenye kijitabu chake: ikiandikwa volti 9 hadi 18, isisogee karibu na lori, ikiandikwa 9 hadi 36, haina shida. Kusoma maandishi hayo ni kazi ya mwenye mashine.

Kuna kinga iliyowekwa kwenye umbo la soketi. Soketi ya kiwango ya volti 24 ina mfereji wa katikati uliokatwa vipande viwili, ili plagi ya volti 12 pekee isiingie. Lakini zipo plagi zilizochongwa ziingie kote kote, kwa hiyo kuingia si kibali. Mwambie fundi wako aifungue skana kabla ya kuizika. Mara nyingine kilichokufa ni kijifyuzi au kifaa kimoja cha kudhibiti umeme pale unapoingilia, na fundi mzuri wa simu anaweza kukibadilisha.

Nina gereji Kakamega. Skana yangu ya tableti ilikaa kabatini miezi mitatu. Sasa haiwaki, wala alama ya chaji haionekani.

Betri za lithiamu zikishuka chini mno hujifunga zenyewe kwa usalama. Ichaji kwa chaja yake halisi, si ile ndogo ya simu, kwa saa moja au mbili bila kuigusa, hata kioo kikiwa giza. Kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 20 hivi. Angalia pia mdomo wa kuchajia kwa tochi, vumbi la gereji hujaa humo likashindiliwa na waya. Ukiona mgongo wa tableti umevimba, acha kuichaji mara moja na usiitoboe. Betri hiyo ni ya kubadilishwa. Siku zijazo, ukiiweka kabatini iache na nusu ya chaji.

Bungoma: skana yangu inawaka vizuri lakini inazima kila ninapopiga stata.

Betri ya gari imechoka, au vichwa vyake vimelegea. Pima volti wakati stata inazunguka. Zikianguka chini ya 10, skana inakosa moto na kuanza upya. Kaza vichwa, visafishe, kisha ipeleke betri ikapimwe.

Mimi ni mwalimu, Busia. Nimenunua kile kifaa kidogo cha ELM327 cha Bluetooth, cha kusomea hitilafu za gari kwa simu. Taa yake inawaka kwenye gari lakini iPhone yangu haikioni.

Mwalimu, kifaa chako ni kizima. Vingi vya bei nafuu hutumia Bluetooth ya zamani ambayo iPhone haikubali kwa kazi hii. Kijaribu kwa simu ya Android, namba ya siri huwa 1234 au 0000. Ukitaka kubaki na iPhone, nunua cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya kisasa, ile ya kutumia umeme kidogo.

Mimi ni mama mwenye Vitz, Kisumu. Gari lilioshwa ndani na nje kando ya ziwa. Siku chache baadaye taa ya injini iliwaka. Fundi akachomeka skana, haikuwaka, akasema kompyuta ya gari imekufa na inunuliwe nyingine. Gari linatembea kama kawaida.

Mama, usitoe pesa bado. Moto wa skana hautoki kwenye kompyuta ya gari. Unatoka kwenye betri, unapita fyuzi, unafika soketi. Skana isiyowaka haiwezi kuthibitisha kifo cha kompyuta, na injini inayowaka na kutembea vizuri inaonyesha kompyuta hiyo bado iko kazini. Ingekuwa skana inawaka lakini haiwasiliani na gari, ufunguo ukiwa umewashwa, hapo tungeanza kuichunguza.

Kwa kuwa gari limeoshwa, mwombe fundi amulike ndani ya soketi. Akiona unga wa kijani kwenye pini, ni maji yaliyokula shaba. Atoe kichwa cha negativu cha betri, apulize dawa ya kusafishia nyaya, aache pakauke vizuri. Asichokoe kwa msumari, atayapanua matundu na plagi haitashika tena. Kisha apime tundu la 16 na la 4 kama nilivyoeleza hapo juu. Mpigie leo, kabla hajaagiza hiyo kompyuta.