Kwa wanaoanza kazi ya kusaidia waliofurikiwa, Kano hadi Budalangi, magharibi mwa Kenya

Pesa za dharura zina haraka kweli. Start Fund, mfuko wa dharura wa Start Network (mtandao wa mashirika ya misaada) ulioanza mwaka 2014, huamua ndani ya saa 72 tangu tahadhari itolewe, na mradi hupewa siku 45. Kikundi kisicho mwanachama wa mtandao huo hupitia kwa shirika mwanachama, kwa hiyo makubaliano yasainiwe mapema. Saa hizo 72 si za kutafuta cheti cha usajili wala kumpigia mweka hazina aliyeenda matangani Siaya. Bei za maturubai, mitungi na neti ziulizwe Kisumu mwezi wa pili. Mto Nyando ukishafurika, bei nazo hupanda.

Lakini fomu ya kuomba pesa ni kazi ndogo. Kazi iko kwenye orodha ya watakaosaidiwa.

Mzee wa kijiji atakuletea majina ya wenye boma. Pokea, mshukuru, kisha zunguka mwenyewe. Huku Kano boma moja laweza kuwa na nyumba tatu, kila mke na jiko lake. Ukiandika mume peke yake, kuna watoto watakaolala njaa. Mimi huuliza, "Hapa wanapika akina nani?" Wapangaji wa sokoni nao husahaulika, eti si wenyeji, kana kwamba maji huuliza mtu ametoka wapi.

Kama mnatuma pesa kwa M-Pesa, linganisha jina la kitambulisho na lile la laini. Mama wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtoto aliye Nairobi. Liandike hilo mapema, mama atie sahihi, la sivyo mkaguzi atauliza huyo kijana wa Nairobi alifurikiwa wapi.

Kabla ya kugawa, bandika majina (nambari za vitambulisho usiziweke) kwenye ukuta wa shule walikohamia watu. Watalalamika, tena kwa sauti. Afadhali iwe siku hiyo kuliko lori likiwa limeshafunguliwa.

Wenye mitumbwi na bodaboda hawana vitabu vya risiti. Tembea na karatasi zako: jina, simu, safari, kiasi, sahihi.

Na mikutano ya uratibu ya kaunti, hata ikichosha, msiikose. Huko ndiko mtajua Msalaba Mwekundu wanagawa blanketi shule gani, nanyi mpeleke zenu ng'ambo ya mto.