Nilichokikuta niliporudi studio: kwa mnaoanza utangazaji wa michezo

Wadogo zangu, Aprili 2023 nilirudi kuongoza kipindi cha michezo cha Jumamosi usiku kwenye televisheni. Nilikuwa nimekaa miaka saba nje ya kazi hiyo, muda mwingi nikiwa redioni. Kabla ya hapo kiti kile nilikikalia miaka kumi na miwili, na kwa kweli niliamini nitapakuta pale nilipopaacha. Niliyoyakuta ndiyo ninayotaka kuwaambia, kwa sababu ninyi mnaanza leo katika mazingira yaleyale ambayo mimi ilinibidi niyajifunze upya nikiwa na mvi.

Sauti haikunisumbua. Wiki ya pili tu koo lilishakumbuka, na macho yakazoea tena taa na kamera. Kilichonisumbua ni kwamba mpira wenyewe ulikuwa umesogea. Nilipoondoka mwaka 2016 hapakuwa na VAR, yaani mwamuzi msaidizi wa video, kwenye sheria za mchezo. Iliingia mwaka 2018. Mwaka 2019 wakaandika upya kifungu cha mpira kushikwa, na wakaruhusu goli kiki ianze kuchezwa bila mpira kutoka nje ya eneo la penalti. Mwaka 2020 wachezaji wa akiba wanaoruhusiwa kuingia kwenye mechi wakawa watano, kwanza kwa muda, baadaye moja kwa moja. Haya yote nilikuwa nayajua kwa juujuu, kama anavyoyajua shabiki. Mtangazaji anatakiwa ayajue kiasi cha kumweleza mtu kwa sentensi mbili huku picha ya marudio inaendelea.

Tukio moja lilinikalisha chini. Mei mwaka huohuo Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, linaloandaliwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika. Mechi ya kwanza, pale uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, walifungwa 2-1 na USM Alger. Kabla ya marudiano tulikaa kikao cha maandalizi, nami nikasoma nilichoandika: Yanga wakishinda bao moja bila kule Algiers, jumla inakuwa sare na tunasubiri penalti. UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, walishaifuta tangu 2021 kanuni ya goli la ugenini, ile inayompa ushindi aliyefunga mengi zaidi ugenini jumla ikiwa sare, na mimi kwa kutazama sana Ulaya niliona mambo ni hayohayo kila mahali. Binti mmoja aliyekuwa na miezi miwili tu ya mafunzo akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu," akasema, "CAF bado wanahesabu goli la ugenini. Nimesoma kanuni zao jana." Tukafungua, tukakuta ni kweli. Tarehe 3 Juni Yanga wakashinda 1-0 ugenini, jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algiers kwa mabao mawili ya Dar. Kama si yule binti, ningewaweka watu mkao wa kusubiri penalti ambazo hazikuwepo, katika usiku mzito kuliko wote kwa klabu ile.

Kwa hiyo kabla ya mashindano yoyote, someni kanuni za mashindano hayo, siyo sheria 17 za mpira peke yake. Vigezo vya kutenganisha timu zenye pointi sawa havifanani kila mahali. Na ukiwa mgeni ofisini, ukaona mkubwa wako anakosea, sema kabla kipindi hakijaenda hewani, kwa adabu kama alivyofanya yule binti. Asante ile nilimpa mbele ya kikao kizima, na leo sipeleki maandishi yangu kwa prodyuza kabla hayajapita mikononi mwake.

Sasa nije kwenye jambo lililo kubwa zaidi kwangu. Zamani, saa tatu usiku, sisi ndio tuliokuwa tunampa mtu matokeo. Alikuwa anatoka kazini hajui Mtibwa wamemaliza vipi, anawasha televisheni, tunamwambia. Siku hizi mpaka tunaingia hewani ameshayaona mabao yote kwenye simu, ameshabishana na shemeji yake, na picha za marudio kazitazama mara nne. Ukimsomea tu yaliyotokea, hujampa kitu.

Machi 2023, wiki chache kabla sijarudi, BBC walimweka pembeni Gary Lineker kwa sababu ya alichoandika mtandaoni kuhusu sera ya wakimbizi ya serikali ya Uingereza. Lineker, mshambuliaji wa zamani wa England, ndiye aliyekuwa akiongoza Match of the Day, kipindi chao cha mpira cha Jumamosi usiku, tangu 1999. Wenzake wakakataa kukaa kwenye kiti bila yeye. Tarehe 11 kipindi kikaenda hewani kwa dakika 20 tu: hakuna mtangazaji, hakuna wachambuzi, hakuna sauti ya kutangaza mechi. Waliokitazama walikuwa kama milioni 2.6, wengi kuliko Jumamosi iliyotangulia. Wiki iliyofuata Lineker alikuwa amesharudi kazini, Manchester City wakiifunga Burnley 6-0 kwenye Kombe la FA.

Wapo waliotumia namba ile kusema mtangazaji hana kazi. Mimi sikubaliani nao; usiku ule watu walifungua kwa hamu ya kuona kipindi kisicho na mwenyewe kinafananaje, na hamu ya namna hiyo haidumu msimu mzima. Lakini namba ile iliniingia, na mpaka leo kila Jumamosi nikikaa kujiandaa najiuliza: nikiondolewa hapa zikabaki picha tupu, mtazamaji atakosa nini? Jibu langu ni kwamba atakosa maswali. Hakuna wa kumuuliza beki wa zamani kwa nini mstari wa ulinzi ulipanda dakika ile, kisha akanyamaza amsikilize mpaka mwisho.

Hapo ndipo redio ilikuwa imeniharibu. Redioni unauchora uwanja kwa mdomo: mpira uko kulia, uko kushoto, nani kaupata. Nikaja nayo hiyo kwenye televisheni, nikawa naeleza kitu ambacho mtu anakiona kwa macho yake. Na maswali yangu yakawa marefu, nusu yake majibu. Nilipokaa kutazama kipindi changu cha tatu, nilikuta nimemuuliza mgeni swali la sekunde arobaini naye akanijibu, "Ni kweli kabisa." Angejibu nini zaidi? Nilikuwa nimeshamaliza yote. Tangu hapo maswali naandika kwenye kadi, na lisiloenea kwenye mstari mmoja nalikata.

Kuna mazoezi ninayowapa wanaokuja kwangu. Soma gazeti kwa sauti huku mwenzako anakuhesabia sikioni kutoka ishirini kushuka chini, nawe umalize sentensi kwenye sifuri bila kukimbia. Ndivyo prodyuza atakavyokuwa anakufanyia kwenye kisikilizio wakati mgeni anaongea. Wiki ya kwanza utachanganyikiwa. Usiache.

Majina nayo yana heshima yake. Pacôme Zouzoua alipotua Yanga, mwenye kusoma herufi kwa Kiswahili alisema Pakome. Kwa Kifaransa ile e ya mwisho haitamkwi. Kwenye siku ya utambulisho mpe mchezaji simu, mwombe atamke jina lake, rekodi, sikiliza ukiwa kwenye daladala.

Na ukimwalika mchezaji wa zamani, umri wa baba yako, muda ukawa umekwisha naye bado yuko mwaka 1980 Lagos na Taifa Stars, usimkate kama unazima redio. Mwite mzee, shika neno lake la mwisho, ligeuze liwe swali kwa anayefuata: "Mzee anasema walikimbia bila kuchoka, wewe kijana, hawa wa leo unawaonaje?" Yeye atajua amesikilizwa, na wewe utakuwa umeokoa dakika yako.

Mimi kipindi ni saa tatu usiku, studio nafika saa nane mchana. Napitia mtiririko na prodyuza, napiga simu mbili tatu kwa makocha, kisha nakaa na yule binti tunasomeana maswali. Wiki iliyopita alikata manne kati ya kumi. Nilibishania moja, nikashindwa, tukaingia hewani na sita.