Foot inakuwa feet, mbona book haiwi "beek"?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ameanza kidato cha kwanza. Kwenye zoezi la Kiingereza aliandika "two foots" na "she putted the book", akakosa yote mawili. Aliporudi nyumbani akaniuliza: kama foot inakuwa feet, mbona book haiwi "beek"? Nilikosa la kumjibu. Kuna sababu, au ni kukariri tu?
Mama wa Mdadisi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mpe binti hongera zangu, kwa sababu swali lake limegusa jambo la kweli kabisa. Miaka elfu moja iliyopita Waingereza waliita kitabu boc, na wingi wake ulikuwa bec, uliotamkwa karibu na "bech". Foot nayo ilikuwa fot, wingi fet. Maneno hayo yalikuwa ya ukoo mmoja, na binti yako ameuona undugu wao bila kuambiwa na mtu.

Irabu ilibadilikaje? Mwambie atamke "foti" polepole, asikilize ulimi. Kwenye o ulimi uko nyuma, kwenye i unakwenda mbele. Mababu wa Waingereza, kabla hawajaanza kuandika lugha yao, walikuwa na sauti ya i katika kiambishi cha mwisho cha wingi wa maneno haya. Ulimi ukazoea kuiwahi i kabla haijafika, na o ikavutwa mbele hadi ikawa e. Baadaye kile kiambishi kikadondoka, irabu iliyobadilika ikabaki peke yake kuonyesha wingi. Ndiyo historia ya tooth na teeth, goose na geese, mouse na mice, man na men. Sisi tunalo jino, na wingi wake hatusemi "majino": ma- imekutana na -ino, a na i zikaungana kuwa e, tukapata meno. Kwa hiyo binti asidhani Kiingereza ni lugha ya vurugu.

Book ilihama ukoo. Kiingereza cha kale kilikuwa na njia nyingi za kuonyesha wingi, na -s ilikuwa mojawapo tu. Nyingine ilikuwa -en, ambayo leo tunaiona kwenye oxen. Miisho ya maneno ilipozidi kufifia mdomoni, -s iliendelea kusikika vizuri, ikaanza kuyavuta maneno ya koo nyingine moja baada ya jingine. Haikutokea kwa siku moja wala mahali pote kwa pamoja. William Caxton, aliyeleta uchapaji Uingereza mwaka 1476, alisimulia habari za wafanyabiashara waliokwama na chombo chao kwenye mto Thames kwa kukosa upepo. Mmoja wao akashuka pwani, akamwomba mama mmoja amuuzie egges, yaani mayai. Mama akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Yule bwana akakasirika, maana hata yeye Kifaransa hakukijua! Mpaka mwenzake alipotaja eyren, ndipo mama akaelewa. Wote walikuwa Waingereza. Egges lilitokana na lugha ya Waskandinavia waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza, nalo lilikuwa na -s. Eyren lilikuwa la wenyeji, na lilibeba alama mbili za wingi, r na en, sawasawa na children ya leo.

Maneno yaliyoikwepa -s mengi ni yale yanayotajwa kila siku: miguu, meno, wanaume, wanawake, watoto. Mtoto akilisikia neno tangu asubuhi hadi usiku, halimtoki.

Sasa put. Tazama cut, hit, shut, hurt, cost, let, spread: vyote vinaishia na t au d. Kiambishi cha wakati uliopita nacho ni t au d, na vitenzi vya kundi hili havipokei sauti hiyo mara ya pili. Hapo asikilize kwa makini, kwa sababu "she puts" ni kawaida yake kuweka, ila "she put" ameshaweka. Kukosekana kwa -s ndiko kunakotuambia. Kwenye "they put" hata alama hiyo haipo, lazima sentensi iliyobaki imsaidie.

Na "foots" isikutie wasiwasi. Mwaka 1958 Jean Berko, mtafiti wa Marekani, aliwaonyesha watoto wadogo picha ya kiumbe alichokibuni, akakiita wug. Walipoonyeshwa viwili, wengi walisema wugs, neno ambalo hawajawahi kulisikia. Watoto wa Kiingereza wenyewe husema foots na goed. Anayesema hivyo ameshaikamata kanuni. Bado hajakutana vya kutosha na maneno yaliyo nje yake.

Ndiyo maana siipendi kabisa ile orodha ya vitenzi inayopangwa kwa alfabeti na kuimbwa darasani. Inatenganisha ndugu. Mnunulie daftari, ayapange kwa sauti: sing, ring, drink, swim na begin ukurasa mmoja, maana zote zinakwenda sang, sung. Keep, sleep, weep na sweep ukurasa mwingine: kept, slept, wept, swept. Put na wenzake wapate wa kwao. Go na went awape ukurasa wao peke yao, kwa sababu went iliazimwa kutoka kitenzi kingine, wend, na hiyo kweli ni ya kukariri.